Klabu yetu ina watu 26 na kazi zinapotelea kwenye kundi la WhatsApp. Tutumie programu gani?

#1 Katibu_Viatu

Salaam wakuu. Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya wakimbiaji. Tuko 26, na saba kati yetu ndio kamati. Hakuna anayelipwa. Kila mtu ana kibarua chake cha kutwa, mambo ya klabu anayashika usiku akiwa ameshachoka. Mwaka mzima tunakwenda vizuri tu, mpaka ifike ile miezi mitatu ya kuandaa mbio zetu za wazi za kilomita 10. Hapo ndipo huwa tunaumbuka.

Safari iliyopita tulijikuta na seti mbili za vipaza sauti, na namba za kifuani hatuna hata moja. Vipaza sauti vilikodiwa na watu wawili, kila mmoja kivyake. Namba, kuna mtu aliandika kundini "hilo niachieni mimi", kisha zikaja picha za viatu vipya, salamu za siku ya kuzaliwa, ubishi juu ya maumivu ya goti, na ile ahadi ikazikwa huko chini. Nilipoifukua zikiwa zimebaki siku mbili, mwenyewe hakukumbuka hata kuiandika. Tukachora namba kwa kalamu ya wino kwenye karatasi. Mvua ikanyesha.

Baada ya hapo nikajifanya mjuaji. Nikafungua akaunti kwenye programu moja kubwa ya kupangia kazi, siitaji jina kwa sababu kosa huenda ni langu. Nikaweka safu 14, rangi, alama, vipaumbele vya ngazi nne. Nikawaalika wote 26. Waliokubali mwaliko walikuwa 9. Wiki ya tatu nikawa nahamisha kadi peke yangu, kama mtu anayecheza bao na kivuli chake.

Sasa nauliza: ninyi wenye klabu, kwaya, vikundi vya kujitolea, mnatumia nini? Iwe ya bure au karibu na bure, ifanye kazi kwenye simu, na isiwakere watu wanaochukia nywila.

#2 Bila_Kelele

Trello. Funga uzi.

#3 Bi_Jedwali

Usifunge kwanza. Trello, ule ubao wa mtandaoni wa kupangia kadi za kazi, ni nzuri, nimeitumia tangu enzi zile ilipokuwa bado mpya. Ilitoka 2011, ikanunuliwa na kampuni ya Atlassian 2017. Ila tangu 2024 mpango wake wa bure unaishia washiriki 10 kwa eneo moja la kazi. Katibu ana watu 26.

Na hili si la Trello peke yake. Karibu programu zote za namna hii huhesabu vichwa, kwa sababu zimetengenezewa makampuni. Kampuni ikiongeza mfanyakazi, mfanyakazi huyo anaingiza pesa, kwa hiyo kumlipia kiti si tatizo. Klabu ni kinyume chake. Yule anayesimama kwenye meza ya maji mara moja kwa mwaka anahesabiwa kiti kilekile na mwenyekiti anayehangaika kila usiku. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha programu, mkuu, hesabu vichwa upya. Kati ya hao 26, ni wangapi wanabeba kazi zenye siku nyingi ndani yake, na wangapi wanasubiri tu kuambiwa "njoo saa 11 alfajiri"?

#4 Katibu_Viatu

Ukiniuliza hivyo, wanaobeba ni saba wa kamati na labda wengine wawili. Hao 17 ni wa kuambiwa. Sikuwahi kulitazama hivyo.

#5 Seva_Chumbani

Kwa nini mnabembeleza mipango ya bure ya watu? Kuna programu huria mnazoweza kuziweka kwenye seva yenu wenyewe, yaani kompyuta yenu inayokaa mtandaoni muda wote, na hakuna wa kuwahesabia vichwa. Mkiwa na Nextcloud tayari (hifadhi ya mafaili ya kujiendeshea), washeni nyongeza yake ya Deck, mnapata ubao wenye kadi ndani ya mahali palepale mnapoweka mafaili. Vikunja ina orodha, ubao na tarehe, inatosha klabu kabisa. Kanboard ni nyepesi mno, inaridhika na SQLite, hifadhidata ya faili moja, seva ndogo kabisa inaibeba. Watunzaji wake wanasema wazi kwamba haiongezewi makubwa tena, inarekebishwa tu, na kwa klabu hiyo si kasoro. Kitufe kitakuwa mahali pake mwaka hadi mwaka.

Data inabaki kwenu, hakuna matangazo, hakuna barua pepe za kukusihi upande daraja.

#6 Mrithi_wa_Nywila

Mkuu Seva_Chumbani, nakuheshimu, ila ngoja nikueleze kilichotukuta sisi kwenye kikundi cha maigizo.

Tulikuwa na kijana hodari kama wewe. Akatuwekea kila kitu: ubao, kalenda, mafaili. Miaka miwili raha mustarehe. Akapata kazi mbali, akaaga vizuri kabisa, tukampigia makofi. Miezi mitano baadaye anwani ya tovuti ikaisha muda. Ilikuwa imelipiwa kwa kadi yake ya zamani, taarifa za kukumbusha zilikwenda kwenye barua pepe aliyoacha kuitumia, na nywila ya seva alikuwa nayo yeye tu. Tukampata baada ya siku kumi na moja. Onyesho lilikuwa siku ya tisa.

Jina langu la humu limetoka kwenye mkasa huo.

#7 Seva_Chumbani

Pole. Hilo sibishi, ni ugonjwa wetu sisi watu wa seva. Nirekebishe nilichosema: kama kikundi hakina watu WAWILI wanaoweza kuingia kwenye seva, msiweke seva. Na nakala rudufu ambayo hakuna aliyewahi kujaribu kuirudisha, msiihesabu.

#8 Mrithi_wa_Nywila

Hapo tumekubaliana. Ila msidhani ukienda kwa kampuni kubwa umepona. Kulikuwa na Wunderlist, programu ya orodha za kazi, watu waliipenda kweli. Microsoft wakainunua 2015, wakaifunga rasmi tarehe 6 Mei 2020. Bahati nzuri kulikuwa na njia ya kuhamishia orodha kwenye Microsoft To Do, na muda wa kujiandaa ulitolewa. Si kila programu inayofungwa hufanya hivyo.

Kwa hiyo siku ileile unapojaribu programu, kabla hujamwalika mtu, tafuta inapotolea data na uitoe. Utazame unachopewa. Trello kwa mfano, kwenye mpango wa bure inakupa faili la JSON, maandishi yaliyopangwa kwa ajili ya kompyuta; la CSV linalofunguka kwenye jedwali liko kwenye mpango wa kulipia. JSON ni sawa kwa Seva_Chumbani. Mweka hazina wenu akilifungua ataona mabano tu.

Na akaunti kuu ifunguliwe kwa barua pepe ya klabu, si ya katibu. Wasimamizi wawe wawili. Katibu akihama, akigombana na watu au akichoka, klabu isihame naye.

#9 Kundi_Latosha

Mimi nitasema wasichotaka kusema wengine. WhatsApp inatosha. Tatizo lenu si kundi, ni fujo. Tengenezeni kundi la pili la kazi tu, picha za viatu marufuku. Kura zipo tangu 2022: "nani anashika meza ya maji kilomita ya 5?", watu wanabonyeza. Ujumbe wa majukumu unaubandika juu. Kila mtu anayo tayari, hakuna mwaliko, hakuna nywila. Programu ambayo haifunguliwi haisaidii hata ikiwa na rangi mia.

#10 Bi_Jedwali

Ndugu yangu, nusu ya maneno yako ni dhahabu. Kwamba watu hawataacha kundi, kweli kabisa. Lakini ujumbe unaobandikwa juu una kikomo, muda mrefu kabisa ni siku 30 kisha unabanduka wenyewe. Na ujumbe hauna hali. Kazi ikikamilika, nani anaufuta? Baada ya wiki tatu una jumbe mbili zinazopingana, zote zimepigwa alama ya dole gumba.

Kundi ni baraza la kuongelea. Orodha iwe na ghala lake kwingine.

#11 Mama_Kumbukumbu

Nimesoma uzi wote, nimekuwa katibu wa vikundi vitatu kwa jumla ya miaka 16, na naona mnabishania kapu wakati machungwa yenyewe yameoza.

Mwanangu Katibu_Viatu, fungua kumbukumbu za vikao vyenu vya mwaka jana. Naweza kukuandikia kilichomo bila kuviona: "Kamati ishughulikie suala la namba za kifuani." Kamati ni nani? Kamati haina simu. Kamati haiamki asubuhi ikakumbuka jambo. Kila mjumbe alitoka kikaoni akiamini mwenzake ameushika ule mzigo, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukilichukua azimio hilo ukaliweka kwenye programu yoyote ile, ya bure au ya kulipia, litakaa humo likiwa limependeza na halitafanyika.

Kazi iwe na jina la mtu mmoja. Si wawili. Wasaidizi wanaweza kuwa kumi, lakini anayeulizwa ni mmoja, na awe amekubali kwa mdomo wake mbele ya wenzake. Asiyekuwepo kikaoni asipewe kazi. Najua inashawishi sana kumtwisha aliyekosekana.

Kisha tazama ukubwa. "Namba za kifuani" si kazi, ni kichwa cha habari. Kazi ni "mpigie mchapaji, uliza namba 300 zinachukua siku ngapi". Hiyo mtu anaimaliza akiwa kwenye foleni. Ukiandika vichwa vya habari, watu wanaviangalia na kuviogopa, kisha wanafungua kitu kingine. Anza na kitendo: piga, andika, lipa, chukua, thibitisha. Usiandike "fuatilia". Neno "fuatilia" ndilo kaburi la kazi za vikundi, kwa sababu mtu anaweza kulifuatilia jambo mwaka mzima na asiwe amekosea.

Tarehe nayo. Msiandike siku ya mbio kwenye kila kazi. Tarehe iwe siku mbili kabla ya kikao kinachofuata, ili ikikwama muwe na mahali pa kuikwamulia.

Safu 14 zilikuwa za nini? Huo mtindo wa kadi na safu tumeupata kutoka viwandani. Kanban ni neno la Kijapani, maana yake kama ubao wa tangazo, na aliyeufanya kuwa mfumo ni Taiichi Ohno kule Toyota, baada ya Vita Kuu ya Pili. Kadi ilisafiri pamoja na vipuri: bila kadi, hakuna anayetengeneza vingine. Yaani kazi yake kubwa ilikuwa kuzuia watu wasirundike. Siku hizi tumechukua safu na rangi, ule uzuiaji tukauacha. Katika kikundi cha watu wasiolipwa ndio wenye faida kuliko vyote. Weka safu tatu, Haijaanza, Inafanyika, Imekwisha, na mtu asiwe na zaidi ya kazi mbili kwenye Inafanyika. Yule mwema wenu anayesema "niachieni mimi" kwa kila kitu (kila kikundi kinaye, na kila kikundi kinamchosha mpaka anaondoka) atazuiwa na sheria, si na wewe, kwa hiyo hamtagombana.

Jambo la mwisho, linaumiza kidogo. Kazi iliyokosa mwenyewe kwa vikao viwili, msiitafutie mtu. Ulizeni kama inahitajika. Tulikuwa na "tengeneza bendera ya kikundi" kwenye orodha yetu kwa miezi 20. Siku tuliyoifuta hakuna aliyesikitika.

#12 Msomaji_Kimya

Mimi husoma tu huwa siandiki, lakini "kamati haina simu" nimeipiga picha.

#13 Bila_Kelele

Yote hayo Trello inafanya.

#14 Mama_Kumbukumbu

Na karatasi ukutani inafanya, mwanangu.

#15 Wanne_Tu

Samahani nidandie uzi. Sisi ni wanne, tunaendesha maktaba ndogo ya kubadilishana vitabu. Tunahitaji vyote hivi?

#16 Bi_Jedwali

Hapana. Orodha moja ya kushirikiana kwenye Microsoft To Do inawatosha: mnatumiana kiungo, kila kazi inapewa mtu, inakumbusha. Kila mmoja atahitaji akaunti ya Microsoft, basi. Google Tasks ni nzuri kwa mtu binafsi lakini orodha yako huwezi kumshirikisha mwenzio kirahisi, kwa hiyo iacheni.

Kwa Katibu_Viatu nimefikia kwenye jina langu: jedwali. Google Sheets, safu wima tano. Kazi, mhusika, tarehe, hali, maelezo. Mhusika awe wa kuchagua kwenye orodha, si wa kuandika, la sivyo mtu mmoja ataandikwa kwa tahajia nne na ukichuja utakosa nusu ya kazi zake. Ukipenda, weka rangi nyekundu ijiwashe tarehe ikipita. Linafunguka kwa kiungo tu ukiliruhusu, bila akaunti.

Nisiwafiche kasoro zake. Ya kwanza, halikumbushi mtu. Limekaa tu linakutazama. Ya pili, kwenye simu visanduku ni vidogo, kidole kinagusa kisichokusudiwa. Ya tatu, anayeingia bila akaunti anaonekana kama mnyama asiye na jina (Google humpa picha ya mnyama badala ya jina lake), kwa hiyo historia ya mabadiliko itakuonyesha kilichobadilika bila kukuambia nani. Ya nne imenikuta mwenyewe: mtu alipanga safu wima moja kwa alfabeti na kuziacha nyingine zilivyo. Kazi zote zikabadilishana wenyewe. Mpiga ngoma akajikuta anasimamia hesabu. Rudisha toleo la jana, ndiyo, lakini usiku ule nililia.

#17 Seva_Chumbani

Mpiga ngoma alisimamiaje?

#18 Bi_Jedwali

Vizuri kuliko mweka hazina. Tusiende huko.

#19 Mrithi_wa_Nywila

Nyongeza ya haraka: chochote mtakachochagua, msiweke humo maradhi ya wakimbiaji, namba za vitambulisho wala nywila. Ubao ukiwekwa "wazi kwa yeyote", hata injini za utafutaji huuona. Mwaka 2018 watu walikuta nywila chungu nzima kwenye mbao za Trello ambazo wenyewe walikuwa wameziacha wazi. Kosa lilikuwa la waliozifungua, programu ilifanya ilichoambiwa.

#20 Katibu_Viatu

Wadau, ahsanteni. Nimeamua kujaribu kabla ya kuchagua. Tuna siku ya mazoezi ya pamoja baada ya wiki mbili, kazi zake hazizidi 12. Nusu ya kwanza tutaiendesha kwa jedwali, nusu ya pili kwa ubao wa Trello, kamati tu. Sitafundisha mtu, natuma kiungo na kunyamaza. Nitamwangalia zaidi mzee wetu wa meza za maji. Kompyuta haipendi, na simu anaishika kama anashika yai. Yeye akiweza, wote wataweza.

#21 Kundi_Latosha

Mkishindwa nipo hapa na kundi langu.

#22 Katibu_Viatu

Nimerudi, miezi minne imepita. Nilisema nitaleta mrejesho.

Ubao ulipendwa na vijana wawili wa kamati, na kweli ukiufungua unaona hali ya mambo kwa jicho moja, jedwali halikupi hilo. Lakini mzee wa maji alipotumiwa mwaliko aliniuliza nywila mara tatu, mara ya nne hakuuliza, akanipigia kunisomea kazi zake nimwandikie. Kiungo cha jedwali alikigusa ndani ya WhatsApp, likafunguka, akaweka alama ya vema kwenye "agiza madumu", akarudi kundini kusema "tayari". Sikuwahi kumwonyesha. Hapo shindano likaisha. Tumekwenda na jedwali.

Kukumbusha nakufanya mimi. Kila Jumapili jioni natuma kundini mistari mitatu hadi mitano ya kazi za wiki: kitendo, jina, tarehe. Sifafanui, sisihi. Kundi_Latosha, hapo ulishinda nusu, kwa sababu wengi hawafungui jedwali kabisa, wanasoma ile mistari tu. Inachukua dakika kumi. Nimeshamfundisha katibu msaidizi, na Jumapili mbili ameituma yeye wala hakuna aliyegundua.

Sheria ya kazi mbili ilileta manung'uniko mwezi wa kwanza. "Niachieni mimi" wetu alikasirika kweli, akasema anadharauliwa. Sasa hivi anamaliza anachokishika. Kura za WhatsApp tunazitumia kugawa vituo vya siku ya mbio, zinafaa sana kwa hilo.

Lililoharibika: jedwali lilipangwa vibaya mara moja, kama alivyotabiri Bi_Jedwali, na aliyelipanga ni mnyama asiye na jina. Nimefunga safu za juu na kuhifadhi nakala kila Ijumaa. Pia vikao vyetu vimekuwa virefu zaidi, siyo vifupi, kwa sababu sasa hatuondoki mpaka kila mstari upate mtu. Sikulitegemea hilo.

Namba za kifuani zilifika siku tisa kabla ya mbio. 300, zimechapwa, haziloi.

Kazi pekee iliyobaki ni "tafuta mpiga picha wa mstari wa kumalizia". Mbio ni Jumamosi hii. Iko mstari wa 31, nyekundu, wiki ya sita sasa. Kikao cha juzi tulijaribu kuifuta kama alivyofundisha Mama_Kumbukumbu, watu wakakataa kuifuta na wakakataa kuichukua.

#23 Bila_Kelele

Trello ingekukumbusha.

#24 Katibu_Viatu

Ingemkumbusha nani, mkuu? Haina jina.